Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Januari hadi Disemba 2024

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Kwa niaba ya Kamati natoa taarifa ya kazi za jumuiya yetu ya wakaazi na wenye nyumba wa Mji Mkongwe kwa mwaka uliomalizika. Yale ya kawaida mnayajua. Mitaro ilisafishwa mara mbili, kabla ya masika na kabla ya vuli. Futari ya pamoja ilifanyika barazani kama kila mwaka. Na barua tatu ziliandikwa kuhusu pikipiki zinazopita vichochoroni na kugonga pembe za nyumba, ambazo moja ilijibiwa. Wanachama wetu wawili wametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Sitarefusha zaidi hapo, kwa kuwa naelewa kuwa waliofika leo, ambao ni wengi kuliko nilivyozoea kuwaona, wamekuja kusikia habari ya nyumba ya kona.

Mwezi wa Aprili, masika yalipokuwa yamekolea, ukuta wa nyuma wa nyumba hiyo ulitoa tumbo, na ufa ulifunguka kuanzia darini hadi ghorofa ya kwanza kwa upana wa kupitisha mkono. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, kwa kipimo cha boriti. Maji yanapoingia kwa bati lililotoboka, vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza kwanza, na ukuta uliokuwa ukishikwa nazo huanza kutoka nje kidogo kidogo. Nyumba hii ilikuwa na balaa la pili: miaka ya nyuma ilipigwa lipu ya saruji juu ya chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea, na kwa nje ukuta ukaonekana mzima ilhali ndani mawe yalikwisha kuachana. Nililisema hilo katika taarifa yangu ya mwaka 2022, ukurasa wa pili, kwa wale waliozihifadhi taarifa hizo.

Wenye nyumba ni warithi kumi na wanne, waliotawanyika Muscat, Dubai na London, na wawili wapo hapa hapa Unguja. Niliwapigia simu wote niliowapata. Kila mmoja alikubali kuwa nyumba itengenezwe, na kila mmoja alimtaja mwenzake kuwa ndiye wa kutoa fedha. Wakati huo chini ya nyumba hiyo zilikuwa zikiishi familia mbili zenye watoto, na kichochoro chake ndicho wanachopita watoto wetu wakienda skuli na chuoni kusoma Qur'ani.

Niliitisha mkutano wa dharura tarehe 20 Aprili. Walihudhuria wanachama 9 kati ya 64. Niliitisha wa pili tarehe 4 Mei, nikapita mwenyewe nyumba kwa nyumba, pamoja na goti langu hili, na walihudhuria 11. Katiba yetu inataka theluthi moja, yaani 22. Wapo waliosema baadaye kuwa hawakushirikishwa, na miongoni mwao wapo niliowakuta siku ile ya mkutano wamekaa wakinywa kahawa hatua thelathini kutoka mlango tuliokutania. Sitawataja.

Kwa hiyo Kamati iliamua. Tuliomba kibali cha kazi ya dharura kutoka Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, tukakipata, tukaweka mihimili ya kuegemeza ukuta, tukafunika dari, na tukabadilisha boriti kumi na moja. Gharama zote ni shilingi 6,850,000 kutoka Mfuko wa Matengenezo. Najua kuwa kifungu cha dharura kinaipa Kamati uwezo wa kutumia si zaidi ya shilingi milioni tano. Naomba ieleweke kuwa kazi ilifanyika kwa hatua mbili tofauti, ya kwanza shilingi 4,900,000 na ya pili, wiki mbili baadaye, shilingi 1,950,000, na hakuna hatua hata moja iliyovuka kiwango. Mwanachama aliyeniandikia kuwa huo ni ujanja wa hesabu namheshimu sana, ila yeye nyumba yake iko Shangani na ufa hakuuona.

Imesemwa pia kuwa nyumba ya dada yangu inachangia ukuta na nyumba ile. Ni kweli, na sikuwahi kulificha jambo ambalo mtaa mzima unalijua. Nyumba zinazoegemeana nayo ni tatu, ya dada yangu ikiwa moja, na ukuta ungeanguka bila kuuliza ndugu wa mwenyekiti ni nani. Tukumbuke Beit al-Ajaib, lile jumba la fahari la hapa Mji Mkongwe alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka mchana, jengo likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Ikiwa jengo kubwa kuliko yote tuliyonayo, katika mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lilianguka mafundi wakiwa ndani, nyumba ya warithi wasiosikilizana ningeiachia miezi mingapi zaidi?

Lililozidisha maneno ni lililofuata. Mwezi wa Septemba warithi wale, walioshindwa kukubaliana juu ya ndoo moja ya chokaa, walikubaliana kwa siku nne kuiuza nyumba kwa mwekezaji anayetaka kuifanya hoteli. Wanachama wakasema kuwa tumemnenepesha ng'ombe wa watu. Kauli hiyo imeniuma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Niliandika kwa warithi kudai turudishiwe gharama, nikajibiwa kwa barua ya wakili kuwa hawakutuagiza. Familia mbili zilizokuwa zikikaa chini zimehamia Fuoni. Ukuta umesimama, na jioni hakuna mtoto anayecheza pale barazani. Miaka ya themanini na tisini tukihesabu nyumba zilizoanguka. Siku hizi nyumba haihitaji kuanguka ili mtaa uikose. Hata hivyo, magofu hayarudi kuwa nyumba, na kwa hilo uamuzi wa Kamati nausimamia.

Kuhusu mlango. Mlango wa nakshi wa nyumba ile ulivuliwa wakati wa kazi, kwa ushauri wa fundi, kwa sababu kizingiti cha juu kilikuwa kikibeba mzigo usio wake. Jumuiya haina ghala, kwa hiyo mbao zake mbili, miimo na mfaa wake, yaani ule mti wa katikati, vimewekwa ukumbini kwangu, vimefunikwa kwa turubai, na hati ya mapokezi ninayo. Maneno kuwa nimeupeleka Dubai si kweli. Anayetaka kuuona afike baada ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Mnunuzi ameudai, warithi wanasema hawakuuza mlango, na mimi nasubiri waelewane kwa maandishi, huku mke wangu akiuliza kila wiki lini ukumbi wake utarudi.

Kuhusu fedha. Tulianza mwaka na shilingi 11,460,000, nyingi zikiwa michango ya ndugu zetu walioko Oman na Uingereza. Ada ya mwaka ni shilingi 24,000, na waliolipa ni wanachama 23, sawa na shilingi 552,000. Malimbikizo ya nyuma yaliyolipwa ni shilingi 288,000, na michango maalumu ni shilingi 1,300,000. Tulitumia shilingi 6,850,000 kwa nyumba ya kona, 486,000 kwa mitaro, na 214,000 kwa shajara, chai na nauli. Kilichobaki ni shilingi 6,050,000. Wanachama 41 hawakulipa. Ada hiyo ni shilingi elfu mbili kwa mwezi, na nimeona majina saba katika orodha hiyo ambayo pia yametia saini barua ya kuhoji matumizi ya mfuko.

Kwa mwaka ujao Kamati inatarajia, fedha zikiruhusu, kuchimba shimo la kulowekea chokaa ili wanachama waache kukimbilia saruji, kuandaa daftari la nyumba zenye nyufa, na kuwapata vijana watakaokaa na mafundi wazee kabla hawajamalizika. Tunatarajia pia kuzungumza na warithi wa nyumba nyingine mbili ambazo hali yake inafanana na ile ya kona, mapema zaidi safari hii.

Hoja ya kurekebisha kifungu cha dharura italetwa mbele yenu leo, na nitakiacha kiti wakati wa kuijadili. Waliohudhuria hadi sasa ni 31, kwa hiyo akidi imetimia. Mweka hazina amekaa karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi.