Mpunguti si Kisite

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nimelisoma gazeti lenu bila kuwasumbua. Naanza na michezo, namalizia na habari za Pwani, nakunja. Lakini ile taarifa yenu ya wavuvi "waliovamia mbuga ya Kisite", mbuga ya baharini huku kwetu Shimoni, kusini mwa Pwani ya Kenya, imenishinda kuinyamazia.

Mwandishi wenu anasema mashua zilionekana "katika visiwa vya Kisite, karibu na Wasini". Visiwa gani hivyo? Kisite ni kimoja, tena kidogo. Mpunguti ndivyo viwili, kuna ya Juu na kuna ya Chini. Kuna na kisiwa kingine kidogo, Liwe la Jahazi, ambacho kwenu hakipo duniani. Ama Wasini, huko ni kwa watu, wana nyumba zao na misikiti yao, wala kisiwa chenyewe hakimo ndani ya mbuga. Halafu chini ya picha mkaandika "Kisiwa cha Wasini", na kinachoonekana ni jiwe na vichaka, hakuna hata paa moja!

Ingekuwa ni majina tu ningecheka nikaendelea na chai yangu. Eneo hili lilitangazwa mwaka 1973, na mwaka 1978 likapangwa upya: Kisite, kilomita 28 za mraba, ikawa mbuga, huko huvui hata dagaa. Mpunguti, kilomita 11 za mraba, ikawa hifadhi, na hapo mvuvi wa kienyeji ana ruhusa kwa mshipi wake na lema lake, yaani mtego wa samaki, ilimradi asiingie na juya, ule wavu wa kukokota, wala bunduki ya samaki. Ndiyo maana jina limeandikwa Kisite-Mpunguti. Ninyi mmelikata nusu ya pili, pengine kwa kubana nafasi, na aliyekuwa akivua kwa haki yake amelala mvuvi ameamka mwizi.

Shemeji yangu ni mtu wa malema. Asubuhi iliyofuata habari yenu alirudi Shimoni na tafi na changu wabichi, macho bado yanang'aa, wengine wanarukaruka ndani ya tenga. Tajiri anayenunua samaki wake siku zote alikuwa kando ya mizani, gazeti lenu amelilaza juu ya sanduku la barafu. Akamuuliza, "Hawa wa Kisite?" Shemeji akajibu wa Mpunguti, kama anavyojibu siku zote. Yule bwana akagonga kichwa cha habari kwa kidole chenye magamba: "Hapa pameandikwa ni kitu kimoja. Nikikamatwa nao utanilipia?" Shemeji akaapa, akaeleza mpaka, akaita na wazee waliokuwa wakishona nyavu pale wamshuhudie, na wakamshuhudia. Haikusaidia kitu. Samaki walipimwa kwa bei ya kutupwa, huku wachuuzi wengine wamesimama kando wakingoja ashushe zaidi, na mtu mzima akapokea pesa zake ameinamisha kichwa kama aliyefumaniwa. Kosa lake ni lipi, Mhariri? Kutokuwa na gazeti lake mwenyewe?

Na maadamu nimeshika kalamu, wenye mashua za watalii nao si haba. Vibao vyao vina ramani ambazo pomboo ni mkubwa kuliko Wasini nzima. Upepo wa kusi ukivuma na bahari ikachafuka, wapo wanaomshusha mgeni kwenye mwamba wa karibu na kumwambia, "Hapa ndipo Kisite." Mgeni anapiga picha, anashukuru, anakwenda kwao kuwaeleza wenzake. Baadaye mwandishi anayeandika akiwa mjini anasoma maelezo ya yule mgeni, na ndiyo habari tunayouziwa.

Sitaki mniombe radhi. Ninachotaka ni ramani, Jumamosi, mahali penye utabiri wa nyota, kwani wenye nyota zao wanaweza kusubiri wiki moja. Mchore Kisite, Mpunguti zote mbili, Liwe la Jahazi na Wasini, kila kimoja na jina lake, na mpaka wa mbuga na hifadhi muupige kwa wino mwekundu. Isipungue upana wa kiganja, maana shemeji anataka kuikata na kuibandika juu ya ile mizani.

Msomaji wenu,
Shimoni, Kwale