Kabla hujanunua nozo mpya, ifuate dizeli kuanzia tangini

Wenye pikapu za dizeli wengi hufika gereji kwetu Changamwe, Mombasa, hukumu ikiwa imeshatolewa. "Fundi, pampu imekufa." Au: "Nimeambiwa nozo zimeisha, ninunue seti nzima." Dalili wanazozitaja ni za kweli. Gari halina nguvu, linakata moto barabarani, au asubuhi linapigwa stata mpaka betri inalala. Tatizo ni kwamba pampu na nozo (ncha zinazonyunyiza dizeli mitunguni) ndizo spea ghali kuliko zote kwenye njia ya dizeli, na dalili hizo hizo huletwa na filta iliyoziba, mpira uliochanika au klipu iliyolegea. Ndiyo maana hapa pampu huguswa mwisho.

Njia yenyewe si ndefu. Tangini kuna chujio dogo kwenye mdomo wa bomba la kufyonza. Kutoka hapo dizeli hufuata bomba la chuma chini ya chasi, huingia kwenye filta, kisha kwenye pampu. Hilux za zamani za injini za 2L, 3L na 5L, na nyingi za injini za 1KD na 2KD zilizofuata, hazina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu iliyo kwenye injini ndiyo inayovuta mafuta yote kutoka nyuma. Kwa hivyo upande wote ulio kabla ya pampu unafyonza, hausukumi, na hili ndilo linalowapoteza hata mafundi wazoefu. Tundu kwenye bomba linalofyonza halidondoshi kitu. Linaingiza hewa. Unaweza kulala chini ya gari na tochi, ukute pakavu, na huku injini inavuta mapovu.

Mombasa inaharakisha uharibifu huu. Bomba la chuma huoza kwanza pale linaposhikwa na vibano, kwa kuwa tope na maji ya chumvi hukaa kati ya kibano na bomba bila kukauka. Pikapu za samaki ndizo zinazoumia zaidi, maana maji ya barafu yenye chumvi hutiririka kutoka bodi ya nyuma yakaangukia bomba hilo kila siku. Kisha kuna unyevu. Tangi likilala nusu tupu, hewa iliyo ndani hupoa usiku na kuacha matone kwenye kuta zake. Maji ni mazito kuliko dizeli, basi huteremka chini, hapo hapo bomba linapofyonzea. Yakikaa muda mrefu, vijidudu huota pale maji yanapokutana na dizeli na kufanya utando mweusi unaoteleza kama bamia. Utando huo ukishafika kwenye filta, hata filta mpya haidumu. Mteja anabadilisha filta leo, baada ya muda mfupi gari linarudia yale yale, anaamini ameuziwa filta bandia. Huenda ni kweli, filta bandia zimejaa mjini. Lakini tangi chafu litaua filta halali pia, na dawa yake ni kulishusha tangi na kulisafisha.

Taa ya dashibodi inayoonya kuwa kuna maji kwenye filta ya dizeli ikiwaka, usiipuuze mpaka mwisho wa mwezi. Fungua kizibo cha chini ya filta, kinga kwa chupa inayoona ndani, acha itulie dakika chache. Kama kuna maji, utayaona yamekaa chini na dizeli juu yake. Usimwage mtaroni tafadhali, mitaro yetu huishia baharini.

Kabla ya kushika spana yoyote, mwache mtu apige stata, wewe utazame ekzosi. Kama hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye mitungi. Moshi mweupe una maana kwamba dizeli inafika ila haiungui: hapo tafuta hita plagi (vipasha joto vya mitungi), kompresheni (mgandamizo wa hewa mitunguni), au majira ya pampu. Moshi mweusi gari likiwa na mzigo ni habari nyingine kabisa, kwani dizeli ni nyingi kuliko hewa, na filta ya hewa au turbo ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Mtu anayekuuzia pampu mpya kwa sababu ya moshi mweusi, muulize vizuri anatibu nini. Stata nayo isikilize. Ikizunguka kwa uchovu, tatizo linaweza kuwa betri tu, kwa sababu injini ya komoni reli, ambayo pampu hujaza dizeli kwa msukumo mkubwa kwenye bomba moja (reli) linalolisha nozo zote, haiwaki mpaka pampu izungushwe kwa kasi ya kutosha kujenga msukumo.

Gari linalokwenda vizuri Nyali na Kongowea, lakini likifika mlima wa Mazeras na mzigo linakata pumzi, karibu kila mara linakosa mtiririko. Kwenye tambarare dizeli kidogo inayopenya filta iliyoziba inatosha, mlimani haitoshi. Ukisimama kando dakika kumi kisha likaondoka kama halijawahi kuugua, shuku chujio la tangini: uchafu uliofyonzwa ukaganda pale huanguka injini ikizimwa, halafu hufyonzwa tena. Jaribu pia kufungua kifuniko cha tangi. Ukisikia tangi likivuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba, na hiyo ni kazi ya kusafisha tu.

Ugonjwa wa asubuhi una tabia yake. Gari likisumbua kuwaka baada ya kulala, kisha likiwaka liko sawa kutwa, dizeli imerudi tangini usiku na hewa imechukua nafasi yake. Usiku mmoja liegeshe kichwa kikielekea mteremko, tangi likiwa juu kuliko injini. Asubuhi likiwaka mara moja, umeshajua unatafuta nini. Sehemu tunazokagua kwanza ni pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ambayo mpira wake wa ndani huchoka, halafu viungo vya mipira, halafu bomba la chasi. Tunafunga kipande cha mpira unaoona ndani kati ya filta na pampu, tunawasha injini, tunatazama. Mapovu yakipita mfululizo, hewa inaingia nyuma ya hapo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha dumu. Tunaweka dumu la dizeli safi mahali palipoinuka, tunaipeleka dizeli hiyo kwenye filta kwa mpira mpya, na tangi tunaliacha nje ya hesabu. Gari likipata nguvu zake zote, kosa liko kati ya tangi na filta, na mteja ameokoa pesa za pampu. Likibaki vile vile, tunasonga mbele kwa dhamiri safi.

Mbele huko, kwenye pampu na nozo, ndiko kwenye hatari, nami nasema hili kwa wanaojitengenezea nyumbani. Kwenye 3L tulizoea kulegeza mabomba ya nozo moja moja huku injini inazunguka ili kujua mtungi ulio mgonjwa. Kwenye injini za komoni reli, yaani 1KD, 4JJ1 ya Isuzu D-Max na 1GD na 2GD za Hilux za sasa, usithubutu. Msukumo ndani ya reli hupita baa 1,000 injini ikifanya kazi, na uzi wa dizeli unaotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Ikikutokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo na haliumi, kwa sababu madhara yako ndani.

Kwa injini hizi tunatumia kompyuta ya kupimia. Kodi ya hitilafu P0087 inayosomwa hapo inasema msukumo wa reli uko chini, basi. Haisemi kwa nini. Filta iliyoziba huileta, hewa huileta, pampu iliyochoka huileta. Pampu za Denso za 1KD zina vali ndogo inayopima dizeli inayoingia, na hiyo ikichafuka injini hupanda na kushuka gari likiwa limesimama na injini inawaka, au hukata moto ukiachia mafuta. Vali hubadilishwa peke yake bila kugusa pampu. Injekta, yaani nozo za injini hizi, nazo tunazipima kwa dizeli zinayorudisha: kila moja chupa yake, injini inazunguka, halafu tunalinganisha. Inayorudisha kupita wenzake ndiyo inayovujisha msukumo wa reli, na mara nyingi hubadilishwa hiyo tu, si seti.

Kuhusu mahali pa kununua dizeli: pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, hakuna oili nyingine ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha. Tangu Septemba 2018 serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, faida ya kuchakachua dizeli kwa mafuta ya taa ilipungua, lakini dizeli ya madumu ya kando ya barabara kuu hujui imepitia wapi, na mara nyingi huja na maji na mchanga. Nunua kituoni, weka risiti. Na mhudumu akikosea akatia petroli, usiwashe gari hata kidogo. Piga simu likiwa limezimwa, tutalimwaga tangi hapo hapo.

Ukibadilisha filta mwenyewe kwenye komoni reli, usiijaze dizeli kwa kumimina, utapitisha uchafu upande wa pampu. Funga kavu, kisha piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Ukija kwetu, usioshe injini kwanza, madoa ya dizeli hutuonyesha pa kuanzia. Njoo na filta uliyotoa, tutaikata mbele yako. Uwe na robo tangi angalau. Na ukitoka Ukunda au Likoni, pitia barabara ya Dongo Kundu utokee Miritini. Gari linalokata moto si la kuingiza kwenye foleni ya feri.