Shukrani kwa mtunza nyaraka wa Winchester

Napenda kumshukuru hadharani mama mmoja mtunza nyaraka wa Winchester, Uingereza, ambaye kwa ombi lake simtaji jina. Nilikuwa nikifuatilia uzao wa kasisi George Austen wa Steventon, aliyefariki mwaka 1805 na kuacha watoto wanane, na tawi la mwanawe Edward likanipotea kabisa. Mama huyu alinieleza kwa utulivu kwamba Edward alichukuliwa na jamaa matajiri wasio na mtoto, na mwaka 1812 yeye na wanawe wakaanza kutumia jina lao, Knight. Akanishauri niache kufuata jina la ukoo, nifuate ubatizo na ndoa. Kisha akaweka kidole kwenye nakala mbele yangu: Fanny, binti mkubwa wa Edward, akiolewa na Sir Edward Knatchbull mwaka 1820. Kuanzia hapo nikafika hadi kwa mwana wa Fanny, aliyepewa cheo cha Baron Brabourne mwaka 1880.

Ninalolithamini zaidi ni mchoro alioniandalia baadaye, wino kwa yaliyothibitishwa, penseli kwa yanayodhaniwa tu. Ndugu zangu wenye ujuzi wa nyaraka, mgeni akiwauliza, mwonyesheni na njia mliyopitia.