Vile vinukta kwenye muhtasari wako

Tanga, Jumatano

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari za siku? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Picha ya muhtasari wa kikao cha kikoba nimeipata, na hofu yako juu ya vile vinukta vilivyojaa humo nimeielewa. Tulia, hicho si kirusi, wala mtoto hajaharibu kompyuta. Vile vinukta kati ya maneno na ile alama ya ¶ kila mwisho wa aya vimo siku zote, ila Word, hiyo programu unayoandikia, huwa inavificha. Yaelekea kuna aliyebonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Bonyeza hizo hizo tena, vitaondoka. Ukipenda kutumia kipanya, fungua Home, utaiona ¶ kwenye kundi la Paragraph. Bonyeza mara moja tu.

Ikiwa vinukta peke yake au mishale peke yake imegoma kuondoka, basi kuna kisanduku kimetiwa tiki. Nenda File, Options, kisha Display, uondoe tiki zote chini ya "Always show these formatting marks on the screen". Watu wengi hapo hawapajui, wanabaki kuihangaikia ¶ mpaka kidole kinauma. Wifi yako anayetumia LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, yeye ni Ctrl na F10. Na hata ukiviacha, kwenye karatasi havitoki.

Ila usivifiche kwanza. Mie hapa steshenari, faili la mteja likifika nafungua alama kabla ya kusoma hata kichwa cha habari, maana ndizo zinazosema mtu alichapaje. Kinukta kimoja ni nafasi moja, mshale ni Tab, ¶ ni Enter. Sasa tazama sehemu yako ya saini: jina la Katibu umelisukuma kulia kwa vinukta msururu mzima! Ndiyo maana ukibadili fonti jina linahama. Futa vyote, bofya kwenye rula pale unapotaka jina likae, kisha piga Tab moja.

Halafu zile ¶ zilizopangana chini ya ajenda ya mwisho. Najua, ulitaka orodha ya mahudhurio ianze ukurasa mpya. Lakini ukiongeza mstari mmoja tu huko juu, orodha yote inateremka. Zifute, weka kile kistari kinachopepesa mwanzo wa kichwa cha orodha, piga Ctrl na Enter.

Ule ukurasa mtupu wa mwisho unaokukera ndio ungekusumbua zaidi alama zikiwa zimefichwa. Jedwali la michango limejaa mpaka chini kabisa, na Word haikubali hati iishe kwa jedwali, lazima iweke aya baada yake. Aya hiyo haifutiki, hata upige Delete mpaka magharibi. Basi chagua hiyo ¶ iliyoangukia peke yake, andika 1 kwenye ukubwa wa fonti, na nafasi ya kabla na baada ya aya uifanye sifuri. Kwa kawaida hurudi juu na ukurasa unapotea.

Ukishamaliza, funga alama usome kwa raha, kisha nitumie faili lenyewe, si picha ya skrini. Jumamosi nitawachapia wanachama nakala zao. Karatasi mtalipia, wino nitajua mwenyewe.

Nisalimie Mama, na mwambie Mweka Hazina jina lake limekosewa ukurasa wa pili.

Wako,
Zuhura