Maua ya Krete: Kwa Nini Tunakuomba Uende Aprili, Si Agosti

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mna nafasi ya Krete mwezi wa nane?" Nafasi huwa ipo. Lakini mteja akiongeza kwamba anataka kuona maua ya porini na ndege, tunamwomba abadilishe tarehe kabla hajalipa chochote.

Sababu ni mvua. Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, hupata mvua zake majira ya baridi, na kuanzia Juni hadi Agosti hainyeshi karibu kabisa. Mimea imejipanga kulingana na hali hiyo. Huota wakati wa baridi, huchanua harakaharaka joto linapoanza, humwaga mbegu, kisha hukauka au hubaki tunguu tu chini ya ardhi, ikingoja mvua za Oktoba. Mwezi wa nane utaikuta bahari ikiwa nzuri ajabu, lakini vilima ni majani makavu na miiba. Zile picha za maua mekundu na ya njano yaliyotanda chini ya mizeituni zilipigwa miezi kadhaa kabla.

Jambo la kuelewa ni kwamba maua ya Krete hupanda mlima. Machi yanakuwa pwani na kwenye vilima vya chini: anemoni za zambarau, nyeupe na nyekundu. Katikati ya Aprili tunawapeleka wageni Gious Kampos, uwanda ulio juu ya kijiji cha Spili. Hapo, ndani ya mashamba yanayolimwa, humea tulipu nyekundu zisizoota porini popote pengine duniani ila Krete. Mwishoni mwa Aprili zamu ni ya Omalos, uwanda wa zaidi ya mita 1,000, wenye tulipu za waridi. Na mwezi Mei hadi Juni, kule juu kwenye Milima Myeupe, ambayo kilele chake kinapita mita 2,400, vijiua vidogo huchomoza pembeni mwa theluji inayoyeyuka. Kwa hiyo aliyekosa likizo ya Aprili hajapoteza kila kitu. Tutampandisha juu zaidi.

Tukiulizwa ua moja la kulifunga safari, jibu letu ni okidi za nyuki. Ni mmea mfupi, usiofika hata goti, na ukipita haraka hutauona. Ua lake lina umbo na manyoya ya nyuki jike, na hata harufu yake ni ya nyuki jike. Dume hushuka akidhani amepata mchumba, huhangaika pale juu bila kupata chochote, wala nekta, kisha huondoka na chavua imemganda mwilini. Akidanganyika tena kwenye ua la pili, uchavushaji umekamilika. Tunakushauri ukae chini karibu na ua hilo na ulitazame taratibu, ukiwa na lenzi ya kukuzia. Wageni wetu wengi hufika wakiwa na haraka ya kupiga picha, na hapo ndipo mwendo wao hubadilika.

Tafadhali usichume, na usichimbe tunguu hata moja. Okidi zote zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na zaidi ya sheria, okidi iliyong'olewa mara nyingi hufa, kwa sababu mizizi yake inategemea kuvu wa udongo ule ule. Wanakijiji utawaona wakichuma mboga pori. Hiyo ni desturi yao ya tangu zamani, na ukiandaliwa sahani ya majani hayo yaliyochemshwa, yakatiwa mafuta ya zeituni na ndimu, ule. Aliyekulia kwenye mchunga uchungu wake hautamshangaza.

Kuhusu wanyama, inua macho juu. Tumbusi ni wengi kwenye magenge, na mwenye bahati humwona yule mwenye ndevu, anayeangusha mifupa miambani kutoka juu ili ipasuke aile. Ndege huyo anaishi pia milima ya Ethiopia. Aprili keremkerem nao hupita kwa makundi wakitoka Afrika. Mbuzi mwitu wa kisiwa, kri-kri, hupatikana bonde la Samaria, hifadhi ya taifa tangu 1962. Njia yake ni kilomita 16 za kushuka hadi baharini Agia Roumeli, kijiji kisicho na barabara, nawe huondoka kwa boti. Bonde hufungwa majira ya baridi na kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, hivyo safari ya Machi au Aprili haitaligusa.

Na kama likizo yako ni Agosti tu? Basi tutakupangia safari ya namna nyingine. Duvi, aina ya kasa wa baharini, hutaga kwenye fukwe za Rethymno na Chania, na Agosti vifaranga vinaendelea kutoka. Usiku taa na viti vya ufukweni huvipoteza njia, kwa hiyo tunachagua hoteli inayozima taa zake. Kwenye mchanga huchanua yungiyungi jeupe la pwani. Kwenye visiwa vidogo vya jirani, kozi wa Eleonora mwishoni mwa Agosti ndipo anaanza kulea makinda, akiwalisha ndege wadogo wanaohamia kusini, kabla yeye mwenyewe hajavuka kwenda Madagaska.

Ukituandikia, tueleze tarehe zako, unavyoweza kutembea kwenye mawe, na kama mna watoto. Leta viatu vilivyofunika kifundo cha mguu na koti, maana Omalos bado kuna baridi mwezi Aprili. Kwa wanaosafiri na pasipoti za Kenya, Tanzania au Uganda, visa ya Schengen inaombwa mapema zaidi miezi 6 kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho. Anayetaka tulipu za Spili aanze kutafuta miadi ya ubalozi mwezi Novemba.