Kwa nini alumini haichapishwi kama plastiki

Mteja anatazama printa ya 3D ikitandaza plastiki, tabaka juu ya tabaka, halafu anauliza: "Si mtoe hiyo plastiki, muweke waya wa alumini, muongeze moto?" Swali hilo tunalipenda, kwa sababu nasi tulianzia hapo hapo. Tulidhani kazi yote iko kwenye moto. Kumbe moto ndio sehemu rahisi.

Plastiki ya printa ikifika kama nyuzi 200 za Selsiasi hulainika na kuwa nzito kama dawa ya meno. Ukiikamua, inakaa pale ulipoiweka. Alumini safi haipitii hali hiyo. Chini ya nyuzi 660 ni ngumu. Ikizidi hapo ni kimiminika chepesi karibu kama maji, na mvutano wa uso wake unaushinda wa maji kwa zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo haichori mstari. Inajikusanya na kuviringika kama maji juu ya jani la myugwa.

Wapo waliojaribu aloi, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, maana nyingi zina nafasi kati ya kuanza kuyeyuka na kuyeyuka kabisa, ambapo metali huwa rojorojo. Wazo ni zuri, ila joto likiyumba kidogo tu, chembe ngumu zinaziba nozeli, yaani mdomo mwembamba unaotolea metali. Wengine waliona heri wayakubali hayo matone. Huko Buffalo, Marekani, Scott na Zack Vader, baba na mwana, walitengeneza mashine inayosukuma alumini iliyoyeyuka kwa mapigo ya sumaku, tone moja moja. Kampuni yao ilinunuliwa na Xerox mwaka 2019. Kwetu sisi hiyo ndiyo njia iliyoielewa metali, kwa sababu haiilazimishi iwe plastiki.

Lakini tone kutua mahali pake ni jambo moja, na kushikamana na lililotangulia ni jingine. Hapa ndipo tulipopoteza vipande vingi kuliko popote. Alumini ikigusana na hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi, yaani alumini iliyoungana na oksijeni ya hewa, na utando huo hauyeyuki mpaka upite nyuzi 2000. Tone jipya linatua juu ya ngozi hiyo, linaganda, kipande kinapendeza macho. Ukikibana na kukigonga, kinaachana palepale tabaka zilipokutana, safi kama ukurasa wa kitabu. Gesi ya agoni, inayofukuza hewa karibu na kazi, inapunguza utando, haiumalizi. Tena alumini hupitisha joto karibu mara elfu moja kuliko plastiki, hivyo joto la tone linanyonywa na kipande kilicho chini kabla halijapata nafasi ya kuyeyusha hata uso wake. Dawa ni kupasha kitako cha mashine mamia ya nyuzi, ili uso wa chini uwe tayari kuyeyuka kidogo tone linapofika. Ukizidisha, kona zinalegea na kuta nyembamba zinaporomoka. Kati ya baridi mno na moto mno nafasi ni finyu, na inabadilika kadiri kipande kinavyopanda juu.

Nozeli nayo ina yake. Alumini ya maji hula chuma cha pua taratibu, kwa hiyo tundu hupanuka na uchafu wa chuma huingia kwenye kazi. Grafiti, kaboni kama ya ndani ya penseli, na kauri huvumilia zaidi, ingawa grafiti ya moto nayo huungua ikiachwa kwenye hewa.

Mwaka 2024 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walionyesha njia nyingine: kumimina alumini ndani ya kitanda cha vishanga vidogo vya kioo, vinavyoishikilia mpaka igande. Miguu ya meza na viunzi vya viti vilitoka kwa dakika chache, uso ukiwa wa kukwaruza. Walichagua kasi na ukubwa, wakaacha unadhifu.

Kwa sababu hizi, kipande chenye umbo gumu mara nyingi tunakushauri tukichapishe kwanza kwa plastiki, tukifukie ndani ya jasi, tuichome plastiki itoke, kisha tumimine alumini kwenye nafasi iliyobaki. Hakuna tabaka za kuachana. Bracket (kishikilizi) au mkono wa mashine unaobeba mzigo, kwa kweli hatutakuchapishia kwa matone, hata ukisisitiza.

Ukituletea faili, tuandikie mzigo utatoka upande gani na nyuso zipi zitakutana na kitu kingine. Nyuso hizo tuongezee milimita 2 au 3 za kukereza. Vipimo vingine viache kama unavyovitaka: alumini ikipoa kutoka kwenye kuganda husinyaa karibu milimita 1.5 kwa kila milimita 100, na hesabu hiyo tunaifanya sisi.