Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuadhimisha Maisha na Kazi ya Elimo Njau

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chifu wetu, viongozi wa dini, wazee wa Nyumba Kumi, walimu, wazazi, na ninyi watoto mlioketi mbele kwenye mikeka: hamjambo.

Tunakushukuru kwa kufika, na zaidi kwa kufika kwa wakati. Kadi ilisema saa nne, na saa nne ulikuwa langoni. Sisi tumezoea kuwaketisha watoto juani hadi saa nane tukingojea gari lililo njiani. Heshima hii tumeiona.

Kikundi chetu cha uchoraji kilianza hapa Eastlands na watoto 7, chini ya mwarobaini ulio nyuma yako. Leo kila Jumamosi tunao 46. Tumefanya maonyesho makubwa mawili, moja ukumbini mwa kanisa na moja kwenye ukuta wa duka la mwenyekiti wetu, na kwa siku nzima watu waliokuja kununua unga walisimama kutazama picha. Picha ya mtoto wetu mmoja ilinunuliwa na mgeni kutoka Ujerumani, kwa hivyo kazi ya mtaa huu imefika Ulaya. Kuna mengi zaidi, lakini muda ni mfupi.

Umetuuliza kwenye barua yako kwa nini tumechagua kumwadhimisha Elimo Njau. Alizaliwa mwaka 1932 Marangu, chini ya Kilimanjaro, akasomea uchoraji Makerere, kisha akaja Kenya. Mwaka 1959 alichora michoro ya ukutani katika kanisa kuu la Murang'a, akayaweka maisha ya Kristo kwenye vilima na nyumba ambazo waumini wa pale walizijua. Mwaka 1965, yeye na wenzake, wakiwemo Rebeka Njau, Jonathan Kariara, Hilary Ng'weno na Terry Hirst, walifungua hapa Nairobi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa. Enzi hizo mchoraji Mwafrika hakuwa na pahali pengi pa kutundika kazi yake katika jiji hili.

Lakini sisi tunampenda kwa jambo jingine. Njau hakuishia kuchora, alihukumu pia. Aliitazama michongo iliyochongwa kwa mamia ili iuzwe kwa watalii, akaitazama na kazi ya waliokuwa wakifuata Ulaya hatua kwa hatua, akasema wazi kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Maneno hayo yaliandikwa pale Paa ya Paa, kila aingiaye ayaone. Mchoraji anayethubutu kuwaambia wenzake hivyo ni mhakiki, hata kama hajawahi kuitwa hivyo.

Ndiyo maana Jumamosi zetu zina sehemu mbili. Saa ya kwanza watoto huchora. Saa ya pili karatasi zote hutundikwa kwenye waya kwa vibanio vya nguo, wakaketi kuzijadili. Sheria ni moja: sema kwanza unachokiona, kisha ndipo useme unakipenda au hukipendi. Mtoto akichora nyumba yenye bomba la moshi na theluji, mwenzake humuuliza, "Hii umeiona wapi?" Wiki inayofuata utaona amechora matatu limekwama kwenye tope. Hoja zao huandikwa kwenye daftari. Tulikuwa na madaftari matatu.

Mheshimiwa, hapo ndipo tunapofikia haja yetu, na leo tumeleta moja tu.

Neno paa lina maana nyingi. Kwenye jina la kituo kile, paa ni mnyama, na paa ni kuruka juu: mnyama yule anapaa. Sisi tunaomba paa la tatu, lile la nyumba.

Chumba chetu kina urefu wa mita 12 na upana wa mita 6. Kuta ni imara. Mabati yake yameoza, na mbao zilizo chini yake unaweza kuzitoboa kwa kidole. Mvua ikianza tunaacha mjadala, maana watoto hawasikilizani, na kila mmoja anakimbilia picha yake. Wengine huziingiza ndani ya sweta zao za shule. Mvua za Novemba iliyopita zilinyesha usiku, na hakukuwa na mtu wa kukimbia. Asubuhi tulikuta picha 130 zimegandamana kama chapati zilizosahauliwa kwenye sufuria. Rangi za maji zikinyeshewa hazina dawa. Madaftari mawili ya uhakiki yalikwenda pia, na humo mlikuwa na sauti za watoto ambao wengine wamekwisha kuhama mtaa.

Mwaka 1997 moto uliteketeza Paa ya Paa, ukala picha na kumbukumbu zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 30. Wenye kituo hawakukata tamaa, walianza upya, lakini kilichoungua hakikurudi. Wenzetu walipigwa na moto kwa siku moja. Sisi tunapigwa na maji kila msimu, tena tukiyaona yanakuja.

Tuseme ukweli kwa adabu: wewe si mgeni wa kwanza kuisikia haja hii. Miaka mitatu iliyopita mgeni aliyesimama hapo ulipo alituahidi mabati kabla ya mvua ndefu. Tulipiga makofi, tukapiga picha naye, akina mama wakamvisha leso. Tumemwandikia barua nne, na kila tulipofika ofisini tuliambiwa faili iko mezani. Mgeni wa mwaka uliofuata alituachia nambari ya simu. Huita, haijapokelewa. Hatumtaji mtu, na wote wawili tunawaombea heri. Ila watoto waliopiga makofi siku ile sasa wako sekondari, na wadogo zao wametuuliza kama leo wapige tena. Tumewaambia wakupigie, kwa sababu wewe hujatuahidi lolote bado.

Fundi amepima. Yanahitajika mabati 68 ya geji 28, ya mita 2 kila moja, mbao za 2 kwa 3, misumari, mifereji ya maji na malipo ya kazi, jumla shilingi 214,000. Hatukukaa mikono mitupu. Kwa kuuza kadi na kwa michango ya wazazi tumeweka shilingi 38,500, na kitabu cha benki kiko hapa mezani. Zimebaki 175,500. Kama pesa ni ngumu, tuletee mabati. Kama mabati yote ni mengi, tuletee ya upande mmoja, ule wa magharibi unaopigwa na mvua. Na kama haiwezekani kabisa, Mheshimiwa, tunaomba utuambie leo, mbele ya watoto. Jibu hilo pia tutalipokea kwa shukrani, ili tubishe mlango mwingine kabla ya Oktoba.

Zawadi yako imechorwa na msichana wa Gredi ya 6. Ni paa akiruka juu ya reli. Pembeni utaona doa la kahawia. Ni maji ya Novemba. Tulitaka kulikata, yeye akakataa, akasema picha iende kama ilivyo.

Chakula kiko tayari, lakini kabla ya kunawa tunakuomba utembee nasi hatua chache hadi chumbani. Fundi yuko pale na ngazi yake.

Imesomwa na katibu, kwa niaba ya wanakikundi, wazazi na watoto.